Sikio Moja la Hangi

Nilipokuwa mtoto kule Mpofi, hakukuwa na mtu mzima aliyeweza kuona mtoto mchanga akivuta sikio lake halafu akanyamaza. Mtoto akikohoa, watu walisema ni baridi. Akijikuna, ni viroboto. Lakini akishika sikio na kulivuta, mazungumzo yalikatika na wanawake wakatazamana, kwa sababu kwetu jambo hilo lilikuwa na maana moja tu: mtoto amekataa jina alilopewa. Jina huingia kwa sikio, walisema, na likiingia lisilo lake, sikio linamwasha. Kuna marehemu wa ukoo anayesubiri kurithiwa, naye ndiye anayemnong'oneza mtoto kwamba ameitwa vibaya.

Msinicheke. Leo naishi Goma, na binti yangu mchanga hushika masikio yake yote mawili kila usingizi unapomjia. Juzi jirani yangu, mwanamke mwenye diploma ya chuo kikuu, alinivuta pembeni akaniuliza kama nina uhakika na jina nililompa. Nilimcheka mpaka naye akacheka. Kisha nikamkumbuka bibi yangu, na siku nzima sikufikiri kitu kingine.

Tulimwita Koko, kama watoto wengi wa kwetu wanavyomwita bibi. Alikuwa mama yake Papa, yaani baba yangu, mwanamke wa msituni, mrefu, mwenye maneno machache na makali. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote na nje ya wimbo kuliko wote, wala hakuwahi kuona ugomvi wowote kati ya Mungu wake na wafu wake. Aliwaombea wote wawe pamoja, basi.

Katika wafu hao kulikuwa na mmoja aliyempenda kuliko wengine, kaka yake mkubwa aliyeitwa Kibira. Wazazi wao walikufa mapema, na Kibira, mwindaji, ndiye aliyemlea Koko. Alimbeba mabegani msituni, akampikia, akamsuka nywele vibaya mpaka majirani wakawa wanamfumua na kumsuka upya. Mti ulimwangukia kabla hajaoa. Hakuacha mtoto. Na kwetu mtu anakufa kabisa pale jina lake linapokosa wa kulibeba, kwa hiyo Koko aliishi miaka yote hiyo akingoja mvulana azaliwe katika nyumba ya mwanawe. Tulizaliwa sisi wasichana, mmoja baada ya mwingine. Alitupenda, lakini aliendelea kungoja.

Mwishowe mvulana alizaliwa, na Papa akampa jina la Hangi.

Hangi lilikuwa jina la baba yake Mama, mzee mfugaji wa Nyamitaba, kule kwenye vilima vya Masisi. Papa alikuwa na sababu. Vita vilipotufukuza Mpofi, mimi nikiwa bado sijajua kusema, mzee yule alitupokea sote, Koko akiwemo, akang'oa sehemu ya maharage yake ili tupate mahali pa kujenga kibanda mpaka tuliporudi kwetu. Papa alimwahidi mbele ya watu kwamba mvulana wake wa kwanza ataitwa Hangi. Ahadi ni ahadi. Koko hakubisha hata kidogo, maana na yeye alikula maharage yale. Ila tangu siku hiyo hakulitamka jina. Alisema, "Lete mutoto," au, "Mutoto amelala?" Mama alisikia yote. Alikuwa mke wa vilimani aliyeolewa kwa watu wa msitu, na alijua kwamba mkwe asiyepigana nawe kwa maneno si rahisi kumshinda.

Hangi alipoanza kukaa akiegemezwa, aligundua masikio yake. Alikuwa mtoto mchangamfu, mwenye mashavu ya kumegwa. Asubuhi moja mkono wake ulipita karibu na kichwa, ukagusa sikio, na uso wake ukawa wa mtu aliyeokota kitu njiani. Kutoka hapo hakuacha. Alishika la kulia, akashika la kushoto, akasinzia huku ameyakamata yote mawili.

Habari ilizunguka kijiji kabla hatujamaliza kunywa uji. Shangazi Sifa, dada yake Papa, alikuja mbio, na kitenge hakijakazwa vizuri kiunoni. Akamwambia Koko kwamba Kibira amefika. Nilimtazama Koko usoni, na naweza kuapa kwamba sikuwahi kumwona na uso ule, si kabla wala baadaye. Alikuwa kama msichana. Mama alikuwa anapeta mchele. Alipeta ungo uleule muda mrefu sana, mpaka nikaona hakuna tena cha kupeta. Alikuwa anafikiria atamwambia nini baba yake.

Mambo yaligeuka mafua yalipoingia nyumbani. Yalianza kwetu wakubwa, tukakohoa, yakapita. Hangi yalimkaa. Pua ilimtiririka, usiku akawa moto, akalia kilio tusichokijua, cha juu na kirefu. Alikuwa akivuta sikio bado, na kulikwaruza mpaka kukawa na mikwaruzo. Shangazi Sifa akasema marehemu sasa amekasirika kwa kucheleweshwa. Papa, aliyekuwa mtu wa ahadi, alikaa mlangoni akiwa ameshika kichwa. Mtoto wake alikuwa anateketea, na ndugu zake wote walimwambia dawa ni jina. Mwishowe akakubali. Ikapangwa kwamba Jumapili, baada ya ibada, wazee wa ukoo waje.

Walikuja. Kulikuwa na kasiksi, pombe ya ndizi, ya kumwagia wafu kidogo na walio hai zaidi. Hata mke wa shemasi alikuwepo, na aliona hakuna dhambi, maana mtoto wake mwenyewe aliwahi kubadilishwa jina kwa namna hiyohiyo. Namna yenyewe ilikuwa rahisi. Mtoto anapakatwa, na majina ya marehemu wa ukoo yanatajwa polepole karibu na kichwa chake, moja baada ya jingine. Jina litakalomfanya aachie sikio, hilo ndilo lake, na hakuna anayeweza kulipinga tena, hata baba.

Shangazi Sifa alikuwa amepasha moto mafuta ya mawese kidogo katika kijiko, ili alainishe njia ya jina. Koko alimshika mkono.

"Sikio haiko taa ya kuweka mafuta," alisema, na kijiko kikarudi jikoni.

Mzee mmoja alianza. Alitaja babu, akataja baba wa babu, akataja ndugu waliozama katika mto Lowa. Hangi alilia juu ya majina yote sawasawa, mkono sikioni. Kila mtu alijua kwamba hayo ni ya kusafisha koo. Jina la Kibira liliachwa la mwisho, na Koko ndiye aliyetakiwa kulitaja. Mama alimkabidhi mtoto bila kumtazama.

Koko alimpokea, akamweka wima kifuani mwake, kidevu cha mtoto begani. Kilio kikapungua. Watu wakasogea. Koko hakusema kitu. Alimlaza tena mapajani, na kilio kikapanda. Akamsimamisha, kikashuka. Akamlaza upande mmoja, akamgeuza upande wa pili, akiutazama ule mkono mdogo ulivyokuwa unarudi palepale. Nakumbuka nilidhani anajitayarisha kulitaja jina.

Kisha akamuuliza Mama, "Mama Neema, tangu lini anashika hii moja tu?"

Mama aliinua uso. Nadhani hakutegemea kuulizwa kitu siku ile. "Tangu mafua ilimukamata, Mama. Na nikimulalisha upande ule anakataa kunyonya."

Hangi alikuwa tena wima begani kwa bibi yake. Amechoka, amenyamaza, na vidole vyake vilikuwa vinalegea kwenye sikio. Shangazi Sifa aliviona, sote tuliviona.

"Mama, sema ile jina," Shangazi alinong'ona. "Ona, iko anaachia."

Niliwahi kuona watu wakiwa na njaa mbele ya chakula cha wengine. Sijaona tena mtu akitamani kitu kama Koko alivyotamani kutamka neno lile. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Kila mtu ukumbini alikuwa tayari kulipokea, Papa alikuwa tayari, hata Mama, masikini, alikuwa ameinamisha kichwa. Ilikuwa imebaki pumzi tu.

"Jina inaingia mu masikio yote mbili," Koko alisema. "Huyu analia juu ya moja. Hii haiko mambo ya jina, ni ugonjwa. Mama Neema, lete kitenge, tunaenda kwa munganga."

Shangazi alitaka kubishana, lakini Koko alikuwa ameshasimama. Wazee walibaki na kasiksi yao. Sisi tulishika barabara ya kwenda kituo cha afya cha Kashebere kwa miguu, kwa maana matope ya msimu ule yalikuwa yamekwamisha hata pikipiki. Koko alimbeba Hangi wima njia nzima, hakukubali kupokewa. Mama alitembea nyuma yake akiwa na mwavuli, akimfunika mkwe na mtoto, na yeye mwenyewe akilowa.

Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa kijana mpole aliyekuwa amevua viatu vyake vya matope mlangoni. Alimulika sikio kwa tochi yake ndogo, akatazama na la pili ili alinganishe. Akasema ndani kumekuwa kwekundu na kumevimba, usaha umejaa nyuma ya ngozi nyembamba ya sikio. Mafua yamepita katika njia ndogo inayounganisha pua na sikio, ambayo kwa watoto wachanga ni fupi na imelala, kwa hiyo uchafu hauteremki. Akilala, maumivu yanaongezeka. Alitoa dawa ya kunywa, akasema tusikatishe hata akionekana mzima, na akasifu kwamba hatukutia kitu chochote sikioni.

Koko alimuuliza juu ya siku zile za mwanzo, mtoto alipokuwa akishika yote mawili na kucheka. Muuguzi akasema ule haukuwa ugonjwa. Mtoto wa umri ule anajifunza mwili wake, leo masikio, kesho vidole vya miguu. Wengine hushika wakiwa na usingizi, wengine meno yakiwasumbua. La kuogopa ni sikio likifuatana na homa, kilio kila akilazwa, kukataa ziwa, au maji yanayotoka. Koko alisikiliza kwa makini, akaitikia kwa kichwa polepole. Hakusema kwamba ya majina ni uongo, na muuguzi, kijana mwenye adabu, hakumlazimisha.

Hangi alipona. Jioni moja, homa ikiwa imekwisha kabisa, Mama alifanya jambo ambalo najua lilimgharimu. Alipiga magoti mbele ya Koko, kama wanavyopiga kwao vilimani, akamwambia, "Mama, kama unataka, tumuite Kibira. Papa yangu nitamweleza."

Koko alikuwa anamfuta mtoto pua. "Hapana," alisema. "Kibira hakukuwa muntu wa kuiba. Huyu ni Hangi."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia jina lile kinywani mwake. Mama alilia, nami nikalia kwa sababu Mama analia, na Hangi akatushangaa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa msichana wa sekondari na mjuaji wa kila kitu, nilimkuta Koko anamenya maharage nikamuuliza kama kweli aliamini lile neno la jina kuingia masikio mawili. Akasema ndiyo, aliamini, na bado anaamini. Basi nikamuuliza lile lililokuwa limenisumbua zaidi: angelitaja jina siku ile, Hangi angeachia sikio?

"Angeachia," alisema. "Nilikuwa nimemusimamisha, maumivu ilikuwa inapunguka. Njo sababu nilinyamaza."

Nimesoma, nimezaa, nimekaa na waganga wa hospitali na watu wa maombi. Bado sijakutana na mtu aliyewekewa mkononi kitu alichokililia maisha yake yote, akajua hakuna atakayemdai, akakirudisha kwa ajili ya mtoto. Koko amelala sasa nyuma ya nyumba ya Papa. Katika ukoo wetu hakuna Kibira mpaka leo. Yupo Hangi, kijana mrefu wa Mpofi, na ukimwita kutoka ng'ambo ya shamba, hata mvua ikinyesha, anaitika.