Mlango wa Upande wa Mlimani

Kiwanja chetu pale Kasulu kinateremka hadi barabarani. Nilipigilia vigingi vya nyumba ya mama mara tatu, na kila mara nilikuwa nimechoka zaidi.

Niliacha shule darasa la sita. Mengine nimeyaokota njiani: kufyatua tofali nilijifunza Nyakitonto, kupaua nilijifunza Kibondo, kwa kusimama kwenye kazi za watu na kuuliza hadi wanifukuze. Sikuwahi kukaa mahali misimu miwili ya mahindi. Safari hii nilirudi kwa ajili ya magoti ya mama. Masika yale aliteleza kwenye ngazi za udongo za nyumba ya kupanga, akalala wiki tatu. Nilitaka nyumba ambayo angeingia na kutoka bila kushikwa mkono.

Mara ya kwanza nilipima peke yangu. Nililaza futi, ule utepe wa kupimia, ardhini, nikateremka nayo kutoka juu hadi chini. Fundi alipokuja, Mkongo wa rika langu, alitazama akacheka.

"Kaka, umepima kilima. Nyumba bado."

Akanishikisha ncha moja ya futi, yeye akainyoosha hewani, akateremsha jiwe lililofungwa kamba. Nyumba yangu ilikuwa imepungua karibu shubiri, na chumba kilichoumia ni cha mama.

Tukarudia. Mlango tukauelekeza barabarani, kama nyumba zote za mtaa. Kisha fundi akaleta mpira wa maji, tukasoma usawa wa maji kwenye ncha zake mbili. Upande wa mbele msingi ungepanda hadi kifuani. Ngazi saba.

Nikamwendea mama, aliyekuwa amekaa kando ya barabara akisalimiana na wapita njia.

"Mama, mlango uende nyuma. Huko juu sakafu italingana na ardhi, na ile njia ya kanisani inayopita huko ni tambarare."

"Nyumba iwape watu mgongo? Watasema nimenuna."

"Watasema una magoti."

"Hayo magoti mbona unayatangaza? Ngazi saba ni kitu gani?"

Akachukua fimbo, akaanza kupanda kiwanja ili anionyeshe. Nilitaka kumfuata, akanikatalia kwa mkono. Alisimama mara nne. Mara ya nne alijifanya anakagua mihogo ya jirani. Fundi akainama, akajishughulisha na mpira wake ambao haukuwa na tatizo lolote.

Mama alipofika juu alikaa kwenye udongo hadi pumzi ikarudi.

"Wekeni huku," akasema. "Anayenitaka atapanda."

"Na huko mbele?" nikauliza.

"Dirisha kubwa, mwana wanje, mwanangu. Niwaone wanaopita bila kunisalimu."

Fundi akasema tupumzike kwanza. Nilimwambia ashike futi tupime mara ya tatu, kwa sababu ningekaa chini nisingeinuka tena siku hiyo.