Sukari Imeshuka

Nilianguka kanisani wakati wa matangazo. Naomba hilo lieleweke vizuri, kwa sababu waliokuwapo wanasema hadi leo kwamba nilijazwa Roho, na mimi sijawahi kusikia mtu akijazwa Roho wakati mzee wa kanisa anatangaza kwamba mwenye ndoo ya bluu aliyoiacha msibani aende akaichukue. Kwaya ikaanzisha pambio. Akina mama wawili wakanipepea kwa vitabu vya nyimbo, mmoja wao akinigonga pua kila anapopepea. Aliyeniokoa ni muuguzi mstaafu aliyekuwa benchi la nyuma. Alinigusa shingo, akakuta nimelowa jasho, akaagiza soda, akaninywesha palepale sakafuni nikiwa bado sijui naitwa nani. Asubuhi ile nilikuwa nimemeza kidonge changu cha kisukari, nikasahau kula.

Mwanangu ni mmoja tu, na anafanya kazi ya forodha bandarini Tanga. Ni mtu wa sheria hata akilala. Siku moja alimsimamisha mjomba wake mwenyewe, kaka yangu wa tumbo moja, kwa ajili ya vitenge sita, na akavihesabu mara mbili. Habari za kanisani zilipomfikia alinipigia simu hajamaliza hata kunisalimia.

"Mama, unahamia huku."

Nyumba yangu ya Tunduma nimeijenga kwa mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi. Niliianza enzi za ruksa, wakati kila mtu mjini anauza kitu na mimi nauza maarifa tu, ambayo hayakuwa na soko. Ina vyumba vitatu, na hakuna mlango hata mmoja unaofungwa sawasawa, lakini kila mlango naujua tabia. Tanga ningekuwa bibi wa chumba cha nyuma, anayeulizwa asubuhi kama amelala salama na jioni kama ameshiba. Niliogopa. Kufa nilikuwa nimeshakuzoea kidogo kukuwazia, ila kufa nikiwa mgeni kwenye nyumba ya mkwe wangu, hapana.

Tukabishana kwenye simu siku nne. Mwisho akakubali tuwekeane masharti. Mwenzake wa kazini alikuwa amerudi kutoka masomoni Ulaya na mashine mpya ya kupima sukari, isiyohitaji kutoboa kidole kila mara. Kidude cha mviringo, mfano wa kifungo cha koti, unakibandika nyuma ya mkono kinakaa siku kumi na nne. Halafu kuna mashine ndogo ya kusomea; unaipitisha karibu na kidude, inakuambia sukari yako ni ngapi na inaelekea wapi.

"Wiki mbili, mama," alisema. "Inaandika kila kitu. Ikionyesha umeshuka ukiwa peke yako, bila mtu wa kukusaidia, nakuja na begi kubwa."

Alinitumia kwa basi. Vidude vilikuwa viwili, kimoja cha kutumia na kimoja cha akiba, pamoja na maelezo kwa lugha nne ambazo hata moja si ya kwetu. Kiingereza nilikifundisha darasa la tano, lakini kilikuwa Kiingereza cha kalamu iko juu ya meza. Humu hamkuwa na kalamu wala meza. Kulikuwa na kitu mfano wa muhuri, unakikandamiza kwenye ngozi, kinatoa sindano, kinabandika, kinaiondoa sindano. Nilikitazama muda mrefu. Nikajiambia mwalimu hafundishi somo ambalo hajalijaribu, nikakikandamiza kwanza kwenye mkono wa kochi.

Kikasema ta! Kikabandika.

Nilivuta, hakikutoka. Kochi langu lilikuwa limewekewa kifaa cha kisasa cha kupima sukari. Nikaona si vizuri kupoteza kitu cha watu, nikachukua mashine ya kusomea nikaipitisha juu ya kochi. Ikalia, ikaandika nisubiri dakika sitini. Basi nikasubiri. Nilikaa na kochi saa nzima, nikapika uji, nikarudi, nikapitisha tena. Mashine ikasema kuna tatizo. Nilikubaliana nayo.

Wakati huo ndipo jirani yangu aliponikuta. Ni mwenyeji wa Kondoa, mjane kama mimi, alikuja Tunduma na mume wake zamani kwa biashara na akabaki nayo. Anauza khanga na vitenge mbele ya nyumba. Nyuma ya nyumba ana mambo yake, na mimi huwa siulizi; mji huu upo mpakani, Nakonde ya Zambia iko hapo tu, mtu akitupa jiwe linalipiwa ushuru. Ugonjwa wangu hakuujua. Nilikuwa nimeuficha mtaa mzima, na habari ya kuanguka kwangu ilimfikia kama habari ya Roho, akanipa hongera.

Alisimama mlangoni akinitazama nikipitisha mashine juu ya kochi.

"Mwalimu, hicho ni nini?"

Nilikuwa nimechoka kuficha, nikasema, "Kipima sukari. Mwanangu wa forodha kaniletea."

"Kinapimaje?"

"Unakipitisha tu karibu, kinasoma chenyewe."

"Na kama imefunikwa?"

"Hata kama imefunikwa. Hata juu ya nguo."

Akageuka akatazama nyumbani kwake. "Na ukutani?"

"Ukutani sijajaribu," nilisema, nikiona ni swali la kijinga lakini la kirafiki. "Kinaandika kila kitu siku kumi na nne. Halafu mwanangu anakuja kusoma."

Akasema ameacha maharage jikoni. Sikusikia harufu yoyote ya maharage.

Kidude cha pili nilikibandika mkononi mwangu jioni hiyo, macho nimefumba, nikihesabu moja mbili kama naruka kamba. Hakikuuma. Nilijisikia mtu wa maana sana. Nikampigia mwanangu kumwambia kila kitu kiko sawa, isipokuwa kochi.

Siku zilizofuata niligundua kwamba mtaa wetu una upendo ambao sikuwa nimeuona kwa miaka yote hiyo. Nikiingia kwa mtu, chai inaletwa bila sukari. Sijaomba, sijasema neno. "Sisi hapa hatutumii sukari kabisa, Mwalimu," mama mmoja aliniambia, na mtoto wake akamtazama kwa mshangao mkubwa. Muuza duka wa kona, ambaye sukari yake ilikuwa ikikaa mbele pale kwenye ndoo, akaweka unga mahali pake. Watu niliowafundisha, wenye ndevu sasa, wakanishikamoo kwa kuinama. Kijana mmoja wa baiskeli aliniona nikisoma mkono wangu njiani, akageuza na mzigo wake, akarudi alikotoka kwa mwendo ambao sikujua baiskeli yenye mzigo inauweza. Nikawaza: kumbe wamejua ninaumwa, na wameamua kuugua pamoja nami. Usiku nilimshukuru Mungu kwa majirani hao, nikawataja mmoja mmoja.

Mimi pia nilikuwa nimeondoa sukari yote nyumbani, nisije nikaharibu matokeo ya mtihani. Mwanangu alikuwa amenipa maagizo kwa simu niweke pipi karibu kwa dharura. Niliziweka. Siku ya tatu nikazila zote, bila dharura.

Siku ya tisa nilienda kujiandikisha kupiga kura. Nilimeza kidonge alfajiri, nikanywa chai kavu, nikajiambia foleni itaisha saa tatu. Kumbe mashine ya alama za vidole haikuvitambua vidole vyangu. Chaki ya miaka thelathini ilikuwa imevisugua. Nilipakwa mafuta, nikafutwa, nikapakwa tena. Nilirudi nyumbani saa tisa alasiri, magoti yanacheza, meno yanagongana. Nikapitisha mashine mkononi. Tatu nukta moja, na mshale unatazama chini.

Nilifungua kabati: chumvi, majani ya chai, dagaa. Nikatoka. Hadi kwa jirani yangu ni hatua ishirini, na nilizipiga kama arobaini.

"Jirani!" niliita. "Sukari imeshuka!"

Akatoka mbio akasimama katikati ya mlango. "Imeshuka wapi?"

"Hapa! Sasa hivi!"

"Nani kaishusha?"

"Sijui nani! Mashine imeniambia!"

Nilimwona akibadilika rangi, na nikaona huruma yake imezidi. Ramadhani ilikuwa wiki chache mbele. Mimi sikujua kwamba asubuhi ile ile, nikiwa kwenye foleni, alikuwa ameshushiwa mifuko mitano ya sukari ya magendo kutoka Zambia, na kwamba ilikuwa imelala chumbani, uvunguni na juu ya kitanda, imefunikwa kwa vitenge.

"Nisaidie sukari," nilisema. "Hata kijiko."

"Sukari?" Alilitamka neno kama ndiyo kwanza analisikia. "Hapa hakuna sukari, Mwalimu. Chumvi ipo. Nikupe chumvi?"

"Sukari, jirani. Nakuomba."

"Wallah—" alianza, halafu akaziba mdomo kwa kiganja. Mwanamke yule ana mengi lakini hali kiapo cha uongo. Akabaki amesimama hivyo, mkono mdomoni, macho yananiomba niondoke.

Nikaona haniamini, nikapitisha mashine mkononi mbele yake. Mkono ulikuwa unatetemeka, mashine ikaelekea chumbani kwake.

"Ona! Inasema tatu!"

"Tatu?" Niliona wazi amepata ahueni, nikashindwa kuelewa ni ahueni ya nini. Alikuwa na mitano.

Nikasubiri kidogo, nikaegemea ukuta, nikapitisha tena. "Sasa mbili nukta nane! Inazidi kushuka!"

Jirani yangu akageuka akachungulia chumbani, kuona ni nani anaitoa kwa mlango wa nyuma.

Baada ya hapo miguu yangu ilikataa. Niliketi kwenye mkeka wake bila kukaribishwa, halafu nikalala. Dari lake lilikuwa na doa la maji mfano wa ramani ya Afrika, nikaanza kuwafundisha watu wasiokuwapo miji mikuu. Hapo ndipo alipoinama akanishika.

"Mwalimu, umelowa! Mwalimu, unatetemeka!"

"Ya mwilini," nilisema. "Sukari ya mwilini. Ninaumwa."

Sikuwahi kumwona akikimbia, na sikumwona siku ile pia, maana macho yalikuwa yamejaa ukungu. Nilisikia kisu kikichana mfuko. Akarudi bila kikombe wala kijiko. Alinishika kichwa akaniketisha, akanitia sukari mdomoni kwa mkono wake, kidogo kidogo, punje kubwa zinazosikika zikivunjika, na nyingine zikaniingia masikioni na kifuani. Alikuwa analia na kunigombeza kwa pamoja. Kwa nini sikusema? Nilikuwa naogopa watu watasema nini? Nikatafuna. Pole pole Afrika ikarudi kuwa doa.

"Kwani wewe ulidhani napima sukari gani?" nilimuuliza nilipopata sauti.

Akanitazama. Akatazama chumbani. Alipomaliza kunieleza kwamba mtaa mzima ulidhani nasaka sukari ya magendo, tulicheka mpaka akaniomba ninyamaze nisije nikashuka tena. Nilipowakumbuka wale watu wote niliowashukuru usiku kwa majina nilicheka upya, na nikaona aibu.

Niliapa sitamtaja. Mtaji wake wote wa mwezi mtukufu ulikuwa kitandani kwake.

Mwanangu alifika siku ya kumi na nne, na begi kubwa. Jirani yangu alikuja kumsalimia mgeni, akasimama mlangoni na chupa ya chai. Mwanangu aliketi kwenye kochi, kidude cha kochi kikamchoma kiwiko, akapitia siku zangu moja moja kwenye mashine. Alifika ya tisa.

"Mama. Saa tisa na nusu. Ulikuwa na nani?"

"Na Mungu."

"Zaidi ya Mungu?"

Akanionyesha mstari: ulivyoporomoka, halafu ulivyopanda ghafla. "Uliniambia humu hakuna sukari. Hii iliyokupandisha ilitoka wapi?"

Nimewachapa watoto wa watu miaka thelathini kwa kusema uongo, na siku ile nilitafuta uongo mmoja wa kunifaa nikakosa. Nikisema nilikuwa peke yangu, nahama. Nikisema sikuwa peke yangu, namfilisi mtu aliyenitia uhai kwa mkono wake. Niliitazama sakafu yangu ya saruji, niliyoisugua mwenyewe, nikaanza kuiaga.

"Nilipanda tu mwenyewe," nilisema.

Akainuka akachukua begi, akaelekea chumbani kwangu. Alikuwa ameshafungua kabati nilipomsikia jirani yangu akiweka chupa ya chai mezani.

"Ilitoka kwangu," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa naye. Sukari ni ya ng'ambo, haina karatasi, iko chumbani kwangu. Njoo uione, mwanangu. Ila mwenzangu muache."

Mwanangu akarudi sebuleni polepole, begi mkononi. Naujua uso ule. Ndio aliohesabia vitenge.

"Mifuko mingapi?"

"Mitano. Mmoja umefunguliwa."

Akamtazama jirani yangu kwa muda mrefu. Halafu akanitazama mimi, na nikaona midomo yake inacheza kama alipokuwa mdogo na hataki kulia mbele za watu.

"Mama mdogo," alimwambia, akifunga zipu ya begi likiwa tupu, "huo uliofunguliwa, usiufunge."

Nilimpenda mwanangu siku ile kuliko siku niliyomzaa.