Ndoo ya Mama Yako

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mama yako alishuka stendi ya Sumbawanga na mabegi yake yote, mpaka ndoo ya kuogea. Mtu wa likizo habebi ndoo. Mimi, mdogo wake, nikajua dada anaacha chuo.

Alikuwa anasomea jambo ambalo mimi niliyeishia darasa la saba bado naliota. Asubuhi za baridi hapa Izia, si unaiona pumzi yako kama moshi? Ndani yake mna hewa ya ukaa. Kule chuoni huiyeyusha kwenye maji, wakapitisha umeme kwenye kibati cha shaba, na hapo juu ya shaba, ile hewa inageuka gesi ya kuwaka. Hebu fikiria, pumzi za Ufipa nzima zichemshe chai. Nilikuwa nalala na wazo hilo, naamka nalo.

Lakini shaba yake ilichoka upesi, ikaacha kutoa gesi. Kila akiitoa majini na kuikagua, haoni kasoro.

Tulimkuta bibi yako jikoni, sikio kwenye mtungi, anasikiliza pombe ya ulezi inavyochacha. Akaelezwa yote.

"Hakuna namna ya kuiangalia ikiwa kazini?"

"Ipo, mama. Kuna mashine ya kuimulika shaba wakati umeme unapita. Kila kinachoganda pale kinarudisha mwanga kwa namna yake."

"Sasa?"

"Naogopa. Nikikuta ni mimi ninayekosea?"

"Ndiyo ukabeba ndoo mpaka huku?" Bibi akacheka. "Pombe yangu naisikiliza ingali mtungini. Kama inaharibika, nijue kabla wageni hawajakaa. Rudi ukamulike. Ndoo iache, nina kazi nayo."

Akarudi. Alipopiga simu, alikuwa analia huku anacheka. Umeme ukipita, mstari kwenye kioo cha kompyuta unainuka kama kilima: kuna kitu kinaifunika shaba. Akizima, kilima kinazama, kitu kimeondoka. Ndiyo maana hakukiona alipoitoa majini. Mpaka leo anatafuta namna ya kukizuia.

Basi mwanangu, nikisikia unafunika hesabu kwa kiganja mwalimu akipita, naumia. Kazi yako iache ionekane ingali imepinda, na wewe mwenyewe itazame hapo hapo, usingoje iishe.

Mungu akupe macho yasiyoogopa, na watu wa kukucheka kwa upendo. Na hiyo ndoo unayochotea maji, isugue vizuri. Ndiyo ile.