Nilimwambia Mdogo Wangu Asubiri Juu ya Magunia

Admin, jina langu lisionekane, maana baba yangu bado yuko hai na ndugu zangu wanasoma hapa.

Nina miaka arobaini na tano, naishi Utemini, Singida mjini. Mwezi uliopita tumemzika mdogo wangu wa kiume. Msibani sikutoa chozi, watu wakasema nimejikaza. Wiki iliyopita nimelia mbele ya mwanangu kwa sababu ya gemu.

Ni gemu la hadithi, vita vya zamani vya Ulaya. Kaka na mdogo wake wa kike wamebaki yatima, wanakimbia askari. Ukibonyeza kitufe, kaka anamwambia mtoto asubiri, naye anachuchumaa pale pale ukutani hata milio ya bunduki ikikaribia. Mwanangu akambonyezea asubiri, akaenda zake kutafuta chakula. Nikamwambia, "Rudi umchukue!"

"Mama, unalia? Si gemu tu hili?"

Nikainuka nikaenda jikoni.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka kumi, mdogo wangu mitano. Tulikuwa Iguguno. Nilimbeba mgongoni kila mahali. Mwaka uliofuata wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na malori, kwa hiyo tulipeleka alizeti barabarani tukakaa kulinda magunia hadi lori lipite. Baba alituachia magunia mawili. Moja lilikuwa la sare za mdogo wangu, aanze darasa la kwanza.

Wenzangu walikuwa wanacheza rede, wakirushiana mpira, ng'ambo ya barabara. "Mama mtoto! Leo nawe umekuja kulea magunia?" Wakacheka. Nikamwambia mdogo wangu, "Kaa hapa juu, usishuke mpaka nirudi." Nikaenda. Nilicheza mpaka nikasahau kama nina mtu.

Niliporudi lilibaki gunia moja, yeye kakaa juu yake, miguu haifiki chini.

"Dada, watu wa lori wamechukua lile. Wamesema baba anajua." Kisha akafungua kiganja. "Nimekuwekea karanga."

Nikazitafuna zile karanga.

Jioni baba akauliza nani alikuwa na mzigo. Nikasema, "Nilienda kuchota maji, nikakuta amelala." Mdogo wangu alinitazama tu. Akachapwa, hakunitaja. Sare hazikununuliwa. Akachunga mbuzi, akaanza shule ana miaka tisa, akichekwa kwa urefu wake. Mimi niliendelea na masomo yangu hadi darasa la saba.

Mpaka anakufa hakuwahi kunikumbusha. Kila akija kwangu alileta karanga kwenye mfuko wa rambo, na sikujua kama ananisamehe au amesahau.

Sasa ameacha binti wa miaka sita, na mama yake naye alishatangulia. Kikao cha familia kimeamua nimlee mimi. Baba alisimama akasema, "Huyu ndiye aliyemlea marehemu tangu mdogo, hakumwacha hata siku moja." Watu wakaitikia. Nami nikainamisha kichwa kama mtu anayesifiwa.

Jumapili baba anamleta mtoto. Namtaka sana. Ila naogopa nikisema ukweli, mzee ataumia kwa fimbo alizompiga marehemu bure, na nafasi ya kumwomba radhi haipo tena, na huenda akaondoka na mtoto. Nikinyamaza, nitampokea binti wa mdogo wangu kwa uongo uleule.

Ndugu zangu, nishaurini kabla ya Jumapili: nimwambie baba, au nimpokee mtoto nikae kimya?