Desimali za Mvua ya Mwala

Mama mmoja, mwalimu aliyestaafu, kwa miaka mingi alitupimia mvua kule kwake Mwala. Hakulipwa. Kila asubuhi alisoma kipima mvua, akaandika milimita daftarini, na mwisho wa mwezi akatuma kadi ofisini kwetu, idara ya hali ya hewa, Machakos. Kati ya wapimaji wetu wote, ni yeye peke yake aliyekuwa akijumlisha kadi zake mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tuliletewa kompyuta, nami nikapewa kazi ya kuandika programu ya kuingizia kadi hizo. Hifadhidata niliitengeneza ikubali desimali. Lakini kwenye fomu ya kuchapia, sehemu ya milimita niliiandika kuwa ya namba nzima tu. Nilijaribu kumi na mbili, ikakubali. Nikajaribu thelathini, ikakubali. Sikujaribu sufuri nukta nne.

Mvua nyingi ya Mwala ni manyunyu. Fomu yangu ilikata kila kilichokuwa nyuma ya nukta, kimya kimya, na hifadhidata ikapokea kilichobaki.

Baada ya muda mkubwa wangu akaona kwamba jumla za mwalimu zinazidi za kompyuta kila mwezi. Akaamua kwamba mama huyo anabuni mvua. Aliniambia nimwandikie barua: vipimo vyako haviaminiki, usitume tena. Niliichapa mwenyewe, wala sikufungua kadi hata moja kuangalia.

Alikuja Januari, amebeba madaftari kwenye kiondo. Mkubwa hakuwepo. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini," alisema. "Nionyeshe mahali nimedanganya."

Nilifungua mwezi wa Machi. Akaweka kidole kwenye daftari lake. "Hapa niko na sufuri nukta nne. Wewe uko na nini?"

"Sufuri, Mwalimu."

"Na hapa? Mbili nukta tisa."

"Mbili."

Nilichapa sufuri nukta nne mbele yake, nikabonyeza kuhifadhi. Ikarudi sufuri.

"Mwanangu," alisema polepole, "hiyo sufuri ni yako. Si yangu."

Kurekebisha fomu kulinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Lakini desimali zilizokwisha kukatwa hazikuwa popote kwenye mashine, na kadi za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa stoo. Madaftari alikataa kuyaacha, na sikumlaumu. Kwa hiyo Jumamosi kadhaa nilienda Mwala, nikakaa barazani kwake, yeye akisoma, mimi nikinakili. Hakunisema vibaya hata mara moja. Alinipa uji, akaendelea kusoma tarehe kwa sauti ile ya darasani.

Mkubwa wangu hakutaka kuomba msamaha kwa barua. Niliandika yangu, nikaweka sahihi yangu, nikampelekea mkononi. Aliisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari.

Tulipofika mwezi wa Novemba, alinigeuzia daftari. Kurasa zilikuwa tupu.

"Barua yenu ilikuja Oktoba," alisema. "Nilikitoa kile kipima mvua, nikakiweka ndani ya nyumba."

Novemba hiyo ilinyesha vizuri kuliko Novemba zote nilizokuwa nimenakili. Majirani zake walikuwa bado wanaizungumzia. Niliuliza kama atapima tena. Alisema atafikiria. Hakutuma kadi nyingine.