Senene Aliyekaa Juu ya Simu ya Mzee

Wivu wangu mimi haujazeeka. Magoti yamezeeka, macho yamezeeka, hata ile sauti niliyokuwa naimbia kwaya parokiani sasa inatoka kama mlango wa banda, lakini wivu uko vilevile kama siku nilipoletwa kwenye kibanja hiki hapa Muleba. Nasema mapema ili msomaji asije akanishangaa mbele.

Mzee wangu ana simu kubwa ya kupapasa, alipewa na mtoto wetu wa tatu. Hupeleka ndizi kisiwani Goziba kuwauzia wavuvi, maana kule migomba hakuna. Akienda hulala huko mpaka boti ipatikane, mimi nabaki na mbuzi. Huyo mbuzi naye ana habari yake, alishanilia kanga ya kipaimara cha mjukuu, lakini tumwache.

Siku moja alirudi, akaweka simu mezani, akaenda kuoga. Mimi shule niliishia darasa la pili, nikatolewa nikalee wadogo zangu, lakini sura ya simu naijua. Juu kabisa, penye saa na vile vijiti vya mtandao, huwa pana jina la kampuni. Siku hiyo jina halikuwepo. Palikuwa na picha ya kitu cha kijani, kidogo kama mbegu ya boga. Nikavaa miwani. Kina miguu. Mae! Senene.

Labda wewe unayesoma si wa huku, utasema senene si mdudu tu? Waitu, ngoja. Zamani mwanamke ndiye aliyeamka alfajiri kuokota senene kwenye majani yenye umande, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, akampelekea mume. Mwenyewe hali. Tuliambiwa mwanamke akila atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene, tukaamini, na mimi mpaka leo siwali, ingawa wajukuu zangu wa kike wanawatafuna kama karanga na watoto wao wana vichwa vizuri tu. Mume akishapewa senene, naye humnunulia mkewe kitenge. Kwa hiyo mwanamume akionekana na senene, ujue yuko mwanamke aliyemwinamia kwenye majani.

Na mimi sikuwa nimeinama. Tangu waje hawa wanaotega kwa mataa makali na mabati na mapipa, nani anajisumbua? Senene wananunuliwa sokoni kwa kopo. Basi nani alimpa mume wangu huyu mmoja, hata akamweka pale kwenye paji la uso wa simu?

Nilimpata upesi, humohumo kichwani mwangu. Mama wa mgahawa kule Goziba. Mzee alishawahi kusema, bila kuulizwa, kwamba huyo mama anajua kupika sangara. Mwanamume hasifii sangara bure. Sijawahi kumwona, lakini nilimtengeneza mzima: nikampa kiuno, nikampa meno meupe, nikamvika kitenge kipya cha njano. Kitenge hicho kiliniuma kuliko kiuno.

Sikuuliza. Siku yangu ya kliniki Bukoba ilipofika nikamwambia mzee simu yangu haina chaji, aniazime yake. Akanipa palepale. Hilo nalo likanichoma. Mtu mwenye siri anatoa simu hivi? Nikajijibu, huyu ameshazoea.

Walinipima presha wakasema iko juu. Ningeweza kuwaambia kabla hawajapima. Kutoka hapo nikaenda Rwamishenye kwa fundi wa simu, binti mmoja mwenye kibanda jirani na duka la mbolea.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Nitolee mdudu huyu.”

“Ameingia ndani ya simu?” Akaanza kutafuta kitu cha kufungulia mfuniko.

“Yuko hapo juu, penye jina la mtandao.”

Akatazama, akacheka. “Ee bibi, kazi nzuri hii! Simu za namna hii hazikuruhusu kugusa hapo. Mpaka iflashiwe, uingie ndani kabisa, uondoe alama ya kampuni uweke yako. Wengine wanaweka jina la mpenzi.”

“Umesema nini?”

“Jina la mpenzi, bibi.”

“Mtoe.”

“Nikimtoa ndiyo amekwenda. Picha yake mimi sina.”

“Binti, umeolewa?”

“Bado.”

“Basi mtoe.”

Akamtoa. Jina la kampuni likarudi, nami nikarudi nyumbani mwepesi, nikapika ndizi na maharage, nikatia na nyanya chungu anazozipenda. Mzee hakugusa. Alikuwa ameinamia simu.

“Senene wangu yuko wapi?”

“Kamuulize aliyekupa.”

“Ndiye ninayemuuliza.”

“Mimi nilikupa lini?”

“Mwaka ule nilipokuoa. Ulikuja asubuhi umelowa mpaka magotini, senene umewafunga kwenye jani la mgomba. Umesahau?” Akaifunika simu kifudifudi. “Nilimwambia kijana mmoja kule Goziba anitafutie picha ya senene aiweke hapo juu. Mtu unakaa kisiwani unangoja boti, unatazama simu, inakuonyesha jina la kampuni. Kampuni inanihusu nini?”

Nilitakiwa nifurahi. Sikufurahi. Wivu ulishuka kutoka kwa mama wa mgahawa ukahamia kwa yule msichana wa jani la mgomba. Yule alikuwa na magoti mazima. Yule ndiye aliyekuwa anapelekwa Goziba na kurudi, mimi nimebaki na mbuzi. Na sasa nimemfuta, na mzee hali.

Novemba senene waliposhuka, niliamka kabla ya jogoo nikaenda kwenye majani nyuma ya kanisa. Vijana wa mataa walinipita wakirudi na magunia yao.

“Bibi, njoo tukugawie!”

“Nendeni zenu.”

Nilipata wachache, wa kujaza kiganja. Mmoja nikamweka hai kwenye chupa, nikaazima tena simu ya mzee, nikapanda gari mpaka Rwamishenye.

“Bibi,” akasema yule binti, “si ulitaka nimtoe?”

“Yule alikuwa wa mwingine. Mpige picha huyu.”

Waliobaki niliwakaanga kwa chumvi, nikawafunga kwenye jani la mgomba, nikampelekea mzee pamoja na simu. Akaiinua, akaiinamisha kwenye mwanga.

“Huyu wa kahawia.”

“Ndiye niliyempata.”

“Yule alikuwa wa kijani.”

“Yule sitaki kumsikia.”

Akanitazama sana, kisha akala. Alikula mmoja mmoja, polepole, kama anayehesabu, nami nilikaa palepale nikimwangalia mpaka jani likabaki tupu.

Kitenge bado. Alhamisi anakwenda tena Goziba, na amesema atanitafutia huko huko kisiwani. Nimemwambia rangi yoyote itanifaa, ila akirudi na cha njano ataniambia alikiona kwa nani.