Bushi za Lori la Baba Mkwe

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa niliishi ua mmoja na mwanamume nisiyemjua sura. Alikuwa baba wa mume wangu, dereva wa lori la kijiji, mtu wa Mbeya aliyehamia Ufipa na mila zake zote. Kwao mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye, na baba mkwe akimwona kwa mbali anabadili njia. Mimi Mfipa, kwetu mambo hayakuwa makali hivyo. Jamani, nilivyoichukia mila ile! Lakini nilikuwa nimempenda mwanawe, nikajifunika khanga nikanyamaza.

Basi nikamjua kwa sauti. Asubuhi ukungu umelala juu ya mahindi, ng'ombe wanasikika tu hawaonekani, mimi niko jikoni nakoroga uji na usingizi haujanitoka vizuri. Yeye yuko chini ya lori, upande wa pili wa ukuta, anamfundisha mume wangu kwa makelele, maana masikio yake yalikuwa yameliwa na injini. Ilibidi umpigie ukelele karibu na sikio ndipo akusikie. Lori lile lilikuwa linalala mno kwenye kona, ndipo akalifunga stabilaiza, chuma kirefu alichokitoa kwenye gari bovu huko Kizwite, kinachounganisha pande mbili za gari lisiyumbe. Chuma chenyewe hakikuwa na shida. Shida ilikuwa bushi, vile vipande vya mpira vinavyokishikilia. Za dukani hazikupatikana, akawa anachonga zake kwa tairi kuukuu.

"Kila Jumamosi osha tope," ilisema ile sauti. "Tope likikauka linasaga mpira kama jiwe linavyosaga ulezi. Kaza nati, lakini usikaze kwa hasira. Na grisi usiipeleke huko! Grisi ni ya chuma kwa chuma, mpira inauvimbisha. Mpira upake mafuta ya nyonyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Mume wangu anaitika ndiyo baba, ndiyo baba, nami najua kabisa anawaza uji. Aliyekuwa anashika maneno ni mimi. Siku zile naziona sasa kama niliziota tu: ukungu, moshi wa kuni, na sauti isiyo na uso inayotaja nati na bushi huku nyungo zinapeta kwa jirani. Nilikuwa na furaha, ingawa sikujua.

Kisha baba mkwe akaugua homa, akalala wiki kadhaa. Lori likaendeshwa na jamaa mmoja wa pale kijijini, mwema kupita kiasi. Ili amfurahishe mgonjwa, akazipaka zile bushi grisi tele mpaka zikang'aa. Wema usio na akili, Mungu atuepushe nao!

Mume wangu alikuwa ametangulia Kaoze, kule bondeni, kungoja mzigo. Baba mkwe alipopata nafuu akaamua kumfuata. Binti yetu, aliyekuwa anajua maneno mawili matatu tu, alimlilia babu yake, naye akampandisha pembeni yake kama alivyozoea. Majirani wote walikuwa shamba la ujamaa. Lori likatoka uani taratibu ndani ya ukungu, likavuka tuta la mfereji, nami nikasikia: ko! ko!

Bushi zimekwisha, nikajua, na njia ya Kaoze inateremka kona juu ya kona. Chuma kile kikichomoka huko, kikanasa kwenye vyuma vya usukani, mwanangu harudi. Na yeye hasikii kitu! Nani wa kumwambia? Nimebaki mimi, mwenye mdomo uliofungwa.

Nikasema potelea mbali, heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikakatiza katikati ya mahindi, khanga ikabaki kwenye mabua, nikatokea barabarani kichwa wazi na kusimama mbele ya lori nimetanua mikono.

Breki zikalia. Ndipo nikauona uso wake, mdogo kuliko sauti yake. Akashusha kofia upesi mpaka puani. Nikapiga kelele, "Baba, bushi! Stabilaiza inagonga!" Wapi! Injini ilikuwa inanguruma. Nikajilaza kwenye vumbi, nikaingia uvunguni, nikakishika kile chuma na kukitikisa kwa nguvu zangu zote.

Injini ikazimwa. Akashuka, akazunguka upande wa pili, akachungulia. Akaugusa mpira kwa kidole, ukatoka vipande vipande, umevimba kama mkate ulioloweshwa kwenye chai. Akamtaja Mungu kwa lugha ya kwao.

Nilimteremsha mwanangu, nikakaa kando ya njia nimewapa mgongo, yeye na lori lake, nalia bila aibu. Nilisikia kisu kikichonga tairi, kitambaa kikifuta grisi, spana ikikaza. Ukungu ulikuwa umeshaondoka alipowasha gari. Akalipitisha juu ya tuta, akarudi nyuma, akalipitisha tena. Nikasikia magurudumu na upepo, basi.

Lori likasimama. Nikangoja aende zake, haendi. Nikangoja tena. Ndipo nikaelewa: masikio yake hayawezi kumwambia kama limepona, na mimi nikimjibu nimempa mgongo, hataambulia kitu.

Nikageuka. Alikuwa ametoa kichwa dirishani, kofia mkononi, ananitazama usoni, anasubiri jibu.

Nikampungia mkono kwamba haligongi. Halafu, kwa kuwa tulikuwa tunatazamana, nikasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu!" akaitika kwa ukelele wa mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, hata watu kule shamba la ujamaa wakainua vichwa.